Bomba Nisilolipuliza

Nyie vijana mnaoingia gereji siku hizi na kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, gari lenyewe likawaambia linaumwa wapi, naomba msinicheke nikisema mimi nilikuwa fundi wa mdomo. Sina maana ya maneno, ingawa na maneno nayo sikunyimwa. Nasema mdomo huu huu wa kulia ugali. Kwa miaka zaidi ya arobaini nimepuliza mabomba ya mafuta, nimenyonya petroli kwa mpira, nimetema, nimesukutua, nikarudi tena chini ya gari. Meno yaliyobaki upande wa kushoto ni manne, na hayo ndiyo mashahidi wangu.

Naitwa Hamza. Hapa Chumbageni ukiuliza Fundi Hamza utaulizwa yupi, maana tuko wengi. Sema Hamza Mabomba, utaletwa mpaka mlangoni. Injini nazijua, breki nazijua, lakini jina nililipata kwa mabomba ya mafuta ya magari ya zamani, yale yanayotoka kwenye tangi nyuma, yakapita chini ya sakafu urefu wote wa gari mpaka kwenye pampu mbele. Mji wetu huu una chumvi hewani, bwana. Bomba la chuma linaliwa kwa nje na upepo wa baharini, na kwa ndani linaliwa na maji yaliyojificha kwenye petroli. Ukilitazama liko zima, rangi yake ipo. Ukiliminya kwa ukucha wa dole gumba, linabonyea. Kwa hiyo msitazame tu. Shikeni, minyeni, nuseni.

Na mipira nayo ni hivyo hivyo. Mpira wa mafuta wa zamani haukutengenezwa kwa petroli hizi za leo. Unavimba, unalainika, halafu siku moja unapasuka juu ya injini ya moto, na hapo tutakuja kukusalia. Ukikuta gari la kale lina mpira wa kale, usijiulize mara mbili, utoe.

Mwalimu wangu alikuwa marehemu Fundi Athumani, mtu mfupi, mkali, mwenye kikohozi kilichotangulia kuingia gereji kabla yake. Ndiye aliyenifundisha kukunja bomba la shaba bila kulivunja kiuno. Bomba tupu ukilikunja linabonyea pale kwenye kona, na mafuta hayapiti tena. Dawa yake ni mchanga. Unachukua mchanga laini, unaukaanga kwenye sufuria mpaka ukauke kabisa, unaujaza ndani ya bomba huku unaligongagonga, unaziba huku na huku, ndipo unakunja taratibu kwa kulizungusha kwenye kopo au kwenye goti. Bomba likiwa limeshiba haliwezi kubonyea. Ukimaliza, unamwaga mchanga wote, unagonga, unapuliza.

Mara ya kwanza mimi nilijiona mjanja. Nikasema mchanga wa nini, kona yenyewe ndogo. Nikalikunja bomba tupu, likabonyea kama mrija wa soda. Fundi Athumani hakunipiga wala hakunitukana. Alilichukua lile bomba bovu, akalizungusha shingoni mwangu, akalikaza kwa koleo, akasema, "Leo utashinda nalo." Mchana akanituma Makorora kununua vitumbua. Mama mmoja pale akaniuliza kama nimeposwa. Nilirudi na vitumbua na aibu, na tangu siku hiyo sikukunja bomba bila mchanga.

Basi sheria yake ya mwisho ilikuwa hii: bomba halifungwi kwenye gari mpaka limepulizwa kwa mdomo. Tulipopata kompresa, mashine ya upepo, nilimwambia, mzee, sasa tupumzishe midomo. Akasema upepo wa mashine una haraka, unapita juu ya uchafu kama mgeni asiyetaka kukaa. Mdomo unahisi. Pumzi ikikutana na punje tatu za mchanga kwenye kona, shavu linajua. Nilidhani ni ukaidi wa kizee. Nikaja kugundua alikuwa sahihi.

Sasa hapa kuna jambo la kwetu ambalo wenzenu wa bara hawalijui. Ikiingia Ramadhani, gereji yetu nzima ilibaki na mdomo mmoja. Sisi wote tumefunga. Huwezi kunyonya petroli, huwezi kupuliza bomba la zamani lililojaa mafuta, ukimeza tone umefungua. Aliyebaki ni Yohana, Mshambaa wa Bumbuli, Mlutheri, mtu mpole mwenye mapafu kama ya mvukuto. Mwezi mzima Yohana alikuwa anaitwa kutoka kila kona. "Yohana, njoo unyonye huku." "Yohana, puliza hapa." Alikuwa anatema petroli kuanzia asubuhi hadi alasiri, huku anajificha nyuma ya lori kula muhogo wake ili asitutamanishe. Tukifuturu, sahani ya kwanza ilikuwa yake. Na yeye Kwaresma yake ikifika, hakuna aliyekula nyama mbele yake siku ya Ijumaa. Hatukuandikiana, tulikaa hivyo tu, tukazoeana.

Yohana amestaafu, amerudi kwao milimani, analima viazi. Mimi nimestaafu, nimebaki hapa na kifua kinachopiga filimbi. Nikipanda ngazi za jirani, napumzika katikati kama ninayetafuta funguo. Hilo liwekeni akilini, maana ndilo lililonitia matatani Ramadhani hii niliyotaka kuwasimulia.

Kuna mama mmoja kule Raskazone, Mwalimu Rehema, mwalimu mkuu mstaafu. Amewafundisha nusu ya watu wazima wa mtaa ule, na mabinti zangu wawili wamo. Ni mtu wa kusimama wima, sauti yake haipandi, na hakuna anayemkatiza. Ana Pijo ya zamani ya rangi ya maziwa, ile ya gia za kwenye usukani, aliyoinunua mwenyewe angali mwalimu kijana. Gari lililala bandani miaka mingi. Mwaka huu akaamua kulifufua. Fundi mmoja akamfanyia injini, mwingine akamfanyia breki, vizuri kabisa. Likabaki suala la mafuta, kuanzia tangi hadi kabureta. Akanifuata mpaka kibarazani kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia, maana ananizidi miaka mitatu.

"Marahaba, Fundi Hamza. Unaweza bado kulala chini ya gari?"

"Kulala naweza. Kuamka ndiyo kazi."

Akacheka kidogo, akaketi, akanieleza. Watoto wake wanataka gari liondoke. Mkubwa wao, Farid, anayefanya kazi Dar es Salaam, ameshazungumza na mtu wa vyuma chakavu, na Idi pili mtu huyo atakuja na lori kulichukua. Mwalimu amekataa. Wamebishana kwa simu wiki mbili, mwisho wakaandikiana makubaliano. Idi mosi, baada ya sala, Mwalimu ataliendesha mwenyewe mpaka Muheza kumchukua mdogo wake, Bi Saada, na kurudi naye Raskazone kwa chakula cha mchana. Farid atakaa kando kama shahidi. Gari likienda na kurudi bila kusukumwa, bila kuvutwa na bila kuharibika njiani, linabaki. Likishindwa moja kati ya hayo, linaenda kuyeyushwa.

"Wanangu wananipenda, sisemi," akaniambia. "Lakini tangu gari hili lilale, kila nikitaka kutoka lazima niombe. Namwomba jirani, namwomba mkwe, namsubiri mwenye bajaji. Mimi, Fundi, sikuzoea kuomba ruhusa. Nilizoea kuitoa."

Nikamwambia nitaifanya kazi. Niliona raha hata kabla sijaona gari, nisiwafiche. Mtu ukistaafu, watu wanakuja kukupa pole, hawaji kukupa kazi.

Tukaanza wiki ya tatu ya Ramadhani. Bomba la zamani lilivunjika mkononi mwangu kama biskuti. Tangi nililishusha, nikatia ndani kokoto kidogo na mafuta ya taa, nikalitikisa mpaka kutu yote ikatoka. Hilo mlishike: kufunga bomba jipya kwenye tangi chafu ni kumvika kanzu mtu ambaye hajaoga. Mipira yote nikaweka mipya, ya aina inayovumilia petroli za leo, na klampu mpya za kuibana, nikikaza kwa kiasi. Vijana wengi mnakaza klampu kama mnamkaba mwizi, mnaukata mpira wenyewe.

Likaja bomba refu. Nilishaletewa shaba mpya, inang'aa, mita tatu na zaidi. Nikachota mchanga ufukweni pale pale Raskazone, nikaukaanga kwenye jiko la Mwalimu, nyuma ya nyumba. Akapita na kitabu chake cha dua mkononi, akachungulia sufuria.

"Fundi, utafuturu mchanga?"

"Nitakubakishia, Mwalimu."

Mchanga wa kwanza ukapungua. Nikachota mwingine. Huo wa pili, na hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, niliuanika tu juani badala ya kuukaanga. Jua lilikuwa kali, nikaona inatosha. Mchanga wa baharini una chumvi, na chumvi inashika maji, hilo nimewafundisha watu wazima mimi mwenyewe. Lakini kichwa cha mfungaji saa tisa alasiri kinajua njia zote za mkato.

Nikakunja kona zangu saba. Nzuri, mviringo, hakuna hata moja iliyobonyea. Nikamwaga mchanga, nikagonga kwa mpini wa nyundo kila kona. Nikaliinua bomba nipulize. Mwalimu Rehema alikuwa ameketi kwenye kiti chake pale barazani, ananitazama.

Nikasita. Siku chache kabla, mjukuu wangu aliniletea puto nimjazie, nikashindwa. Nilipuliza mpaka nikaona nyota, puto limelala. Mtoto akalichukua akaenda kwa bibi yake. Sasa nikajiona nimesimama mbele ya Mwalimu, mita tatu za bomba mdomoni, mashavu yamevimba na upande wa pili hakitoki kitu. Angesema nini? Angewaambia nini wanawe, kwamba amemwita fundi asiye na pumzi? Niliona haya, jamani. Mwanamume mzima niliona haya ya pumzi.

"Mwalimu," nikasema, "mdomo wangu umefunga. Nitatumia pampu ya baiskeli."

Uongo mtupu. Lile bomba lilikuwa jipya, halijawahi kuonja petroli. Kulipuliza kusingenifungulia chochote, na mimi nilijua. Nilijificha nyuma ya mwezi mtukufu. Nikaleta pampu, nikapiga, nikaweka kiganja upande wa pili, nikahisi upepo. Nikasema upepo unapita, basi. Nikalifunga.

Jioni ile Yohana akanipigia simu kutoka milimani, kama afanyavyo kila Ramadhani, kuniuliza nafunga vipi. Nikamsimulia kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Umelipuliza?"

"Nimelipuliza."

Akasema vizuri. Saumu yangu ya siku ile sijui iliishia wapi.

Tulilijaribu gari mara nne. Tulizunguka Raskazone, tukafika mjini, tukarudi. Lilinguruma kama limeshiba. Mwalimu alikuwa anabadilisha gia kwa vidole viwili, mgongo umenyooka, hashangilii wala hasemi, ila nilimwona mara moja akiupapasa usukani kama unavyompapasa mtoto kichwani. Nikajisahaulisha habari ya bomba.

Mwezi wa Idi ukaandama. Tukasali, tukapeana mikono, nikafika Raskazone na kanzu yangu mpya, spana nimezifunga ndani ya kikoi. Mwalimu alivaa buibui na miwani ya kuendeshea. Farid alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mnene wa wastani, kanzu nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya kushonwa kwa mkono, saa kubwa. Alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo mzee," akakaa mbele kando ya mama yake, akafunga mkanda ambao nao ulikuwa wa kale kuliko yeye. Mimi nyuma.

Safari ya kwenda ilikuwa harusi. Wazee kwenye baraza walikuwa wananyanyuka gari likipita. Bodaboda mmoja alitusindikiza mpaka nje ya mji akipiga honi. Farid alianza na simu mkononi. Kufika njia ya Muheza ameiweka mfukoni, ameteremsha kioo, ametoa kiwiko nje. Muheza Bi Saada alikuwa ameshajipamba, anatusubiri na ndoo ya machungwa. Alipoliona gari alilia kidogo, akajifuta, akapanda nyuma na mimi, akanipa chungwa. Mama yule alizungumza njia nzima bila kumeza mate.

Tukarudi. Tukafika Pongwe, kwenye matuta. Tuta la kwanza, sawa. Tuta la pili, gari likakohoa. La tatu, likakohoa mara mbili, likaishiwa nguvu, Mwalimu akaliteremsha pembeni kwa ustadi, likazimika. Bi Saada akanyamaza. Hapo nilijua jambo ni zito.

Nikafungua boneti. Pampu za zamani zina kikombe cha kioo chini yake ambacho uchafu unatua humo. Nikakitazama. Mchanga ulikuwa umetulia ndani yake kama sukari chini ya kikombe cha chai. Mchanga wangu. Ule wa kuanikwa, ulioganda na unyevu kwenye kona moja, pampu ya baiskeli ikaupita juu, na matuta ya Pongwe, ya kwenda na ya kurudi, yakaubandua.

"Nini, mzee?" Farid akauliza.

"Petroli za siku hizi, mwanangu," nikajibu. "Chafu sana."

Ulimi ulitangulia, wallahi. Kila fundi ana ile sentensi yake ya kujiokoa, na hiyo ndiyo iliyokuwa yangu maisha yote. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, ananisikia.

Ilibidi bomba lisafishwe pale pale. Tukasubiri injini ipoe. Ukilifungua bomba upande wa tangi, petroli yote inamwagika, na kizibo sikuwa nacho. Nikamtuma Farid dukani akanunue kipande cha sabuni ya kufulia. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, vijana. Ikande mpaka ilainike, ikandamize kwenye tundu, itakuzuilia petroli mpaka umalize kazi. Hili halimo kwenye kidude chenu cha kuchomeka. Farid alivua kofia, akavua saa, akajilaza chini ya gari na kanzu yake ya Idi, akafuata nilivyomwelekeza, akaziba kwa sabuni. Alipotoka alikuwa na michirizi ya vumbi mpaka mgongoni, na anatabasamu kwa kuwa haikuvuja.

Ikabaki kupuliza. Nilikwenda mbele, nikashika mdomo wa bomba, nikajaribu. Safari hii sikuwa na Ramadhani ya kujifichia. Nilipuliza mara moja, kifua kikapiga filimbi. Nikapuliza tena, nikapaliwa, nikakohoa mpaka Bi Saada akateremka garini kuja kunipiga mgongo. Farid akaja taratibu, akanishika mkono.

"Lete, baba. Nipulize mimi."

Nikamwachia. Nikaenda nyuma, nikachutama kwa shida, nikakinga mwisho wa bomba kwa leso. Farid akavuta pumzi, akapuliza. Nikasikia kwanza hakuna kitu, halafu kama mtu anayesafisha koo, halafu donge la mchanga likaruka kwenye leso, na petroli kidogo, halafu upepo safi. Akapuliza tena na tena bila kuambiwa. Alikuja nyuma anatema, midomo imemkunjamana, akaitazama leso kama aliyevua samaki.

Mwalimu naye akainama kutazama. Katika ule mchanga kulikuwa na chenga nyeupe, vipande vidogo vya kombe za baharini. Hakuna kituo cha mafuta duniani kinachouza kombe za baharini. Akaitazama leso, akanitazama mimi, akarudi kukaa kwenye usukani. Afadhali angenikaripia.

Tukafunga kila kitu. Farid hakuniruhusu kugusa nati hata moja, alizikaza yeye, mimi nasema "basi, basi, hapo hapo." Gari likawaka mara ya pili. Nusu saa na ushee ilikuwa imepita.

Tulipoingia Raskazone wote walikuwa uani wanatusubiri: mabinti, wakwe, wajukuu, majirani, watu kama ishirini, mikeka imetandikwa. Binti mmoja akauliza, "Mbona mmechelewa? Vipi, limefika lenyewe?"

Farid akamtazama mama yake, akasema, "Foleni. Pongwe kulikuwa na foleni."

Foleni Pongwe, mchana wa Idi mosi. Kijana wa watu kalaza kanzu yake vumbini, kanywa petroli, na sasa anamdanganyia mama yake ili ashinde. Nilimpenda palepale.

Mwalimu Rehema alivua miwani ya kuendeshea, akaikunja. "Hakukuwa na foleni," akasema. "Gari liliharibika. Tumekaa pembeni nusu saa. Tuliandikiana, na mimi sijawahi kumpitisha aliyeshindwa." Akatoa ufunguo mkobani, akauweka kwenye sinia la tende katikati ya mkeka. "Kesho mwenye vyuma aje."

Sauti yake haikutetemeka, ila niliuona mkono wake, ulivyokawia juu ya ule ufunguo kabla ya kuuachia. Nikaona jinsi atakavyokuwa ameketi barazani wiki ijayo, anamsubiri mwenye bajaji. Na mimi ninayejua ukweli nimekaa kimya, nalinda jina la Hamza Mabomba.

"Mwalimu," nikasema, "gari halikuharibika. Niliharibu mimi."

Wakageuka wote. Nikasimama, kwa kuwa kwa Mwalimu mtu haungami amekaa. Nikawaeleza yote. Kwamba petroli haikuwa chafu. Kwamba ni mchanga wa hapo ufukweni kwenu, niliouanika badala ya kuukaanga. Kwamba bomba lile nililifunga bila kulipuliza, na haikunizuia Ramadhani, nilizuiwa na kifua changu, kwa sababu sina pumzi tena na niliona haya kuonekana. Nikasema gari limefanya yote liliyotakiwa kufanya, mpaka kurudi na bomba lililojaa ujinga wangu. Nilipomaliza sikujua niutazame uso wa nani, nikatazama viatu.

Mwalimu Rehema alikuwa amenisikiliza kama anayesahihisha daftari. Kisha akamgeukia Farid.

"Shahidi, ni kweli?"

"Ni kweli, mama," Farid akasema. "Mchanga nimeuonja mwenyewe."

"Basi," akasema kwa sauti ile ile aliyowasomea matokeo watoto wa miaka yote, "gari limefaulu. Fundi amefeli."

Akainama, akauchukua ufunguo kutoka kwenye sinia, akauchomeka kifuani ndani ya buibui ambako hakuna mtoto wake angethubutu kuufuata. Bi Saada akapiga kigelegele cha kwanza, wakwe wakampokea. Farid alikuwa ameshatoka pembeni na simu sikioni, anamwambia mtu wa vyuma asijisumbue kuja.

"Na wewe, Fundi," Mwalimu akaniita katikati ya kelele, "Jumatatu uje urudie. Bomba zima, mwanzo mpaka mwisho."

"Kifua changu, Mwalimu."

"Utafundisha wewe. Farid ana likizo wiki nzima, atapuliza yeye."

Wakaniketisha kwenye mkeka wa mbele, wakaniletea sahani. Nilikuwa nimefelishwa mbele ya watu ishirini, mmoja wao akiwa mkwe wa rafiki yangu na asiyejua kutunza siri, na biriani tamu kama ile sijawahi kula tena.